Sebule Isiyo na Makochi

Mama yangu aliniambia kwa upole kabisa, akiwa amenyoosha mguu wake wa kushoto juu ya stuli ili nimfunge bandeji: "Ukinifokea tena, narudi kwangu." Hakupandisha sauti. Angepandisha sauti ningejua namna ya kumjibu, maana kwenye kupandisha sauti mimi sijapata mpinzani kuanzia soko la Tunduma hadi ng'ambo ya mpaka. Alisema kama mtu anayesema kesho kutakuwa na baridi, halafu akaomba chai.

Kwake ni kijijini Mbozi, kwenye kahawa na mahindi, mwendo wa pikipiki kutoka Vwawa, na huko hakuna mtu wa kumsafisha kidonda. Ana kisukari. Alikanyaga kijiti shambani, kikamtoboa chini ya unyayo, na kile kidonda kikagoma kupona, nikamleta kwangu Tunduma. Muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu na nyumba yangu alinieleza bila kuzunguka: kidonda kisafishwe na kufungwa upya mara kwa mara, bibi asikanyage udongo, la sivyo tutaanza kuongea habari za kukata. Kwa hiyo mambo yalisimama hivi. Nikifoka, mama anaondoka. Akiondoka, mguu nao unaondoka. Na mimi nafoka kama watu wengine wanavyopumua.

Jamani, mtu atatuliaje Tunduma? Malori yamepanga foleni tangu alfajiri yakisubiri kuvuka, na kila dereva anaamini kwamba honi yake ndiyo itakayofungua geti la mpaka. Nyuma ya nyumba yangu kuna fundi anayechomelea mageti. Mbele kuna baa, na pembeni ya baa kuna makanisa mawili ambayo kila jioni yanashindana kwa spika. Nauza vitenge sokoni. Wateja kutoka Zambia wananiita bamayo, yaani mama, wananiuliza hali kwa mulishani ya heshima zote, wananikunjulisha kila kitenge kilichopo dukani, kisha wanaondoka wakiahidi kurudi. Siku nzima natabasamu mpaka mashavu yanauma. Jioni nikifika nyumbani namkuta mama amejitilia sukari kwenye chai, ametembea peku uani, na bandeji niliyomfunga asubuhi imelowa kwa sababu ameona masufuria machafu na hakuweza kuyavumilia. Mume wangu ni dereva wa malori ya Kongo, nyumbani anakuja kama mgeni. Watoto wako shule ya bweni. Hasira zote za soko, za mpaka na za spika zilikuwa na mahali pamoja tu pa kutua.

Nilijaribu kujitetea. Nilimwambia mama kwamba kelele za mji huu ndizo zinazonivuruga. Akacheka.

"Malori nimeshayazoea," alisema. "Kelele ya humu ndani ni wewe, mwanangu."

Ndipo wifi yangu wa Dar es Salaam, ambaye nilimlilia kwenye simu, akaniingiza kwenye kundi la WhatsApp la watu wanaojifunza kutuliza akili. Mwalimu alikuwa mwanamume ambaye sura yake sikuwahi kuiona. Kila asubuhi alituma ujumbe wa sauti, na sauti yenyewe ilikuwa ya mtu ambaye hajawahi kugombania maji ya bomba. Nyuma ya maneno yake aliweka mlio wa mawimbi ya bahari, eti unatuliza. Mimi ni Mnyiha wa milimani. Mawimbi yale yalinifanya niende kuangalia kama bomba la uani limepasuka.

Zoezi la kwanza lilikuwa kuhesabu pumzi. Unakaa, unafumba macho, unavuta na kutoa, moja. Unavuta na kutoa, mbili. Ukifika kumi unaanza tena, na wazo likikuteka njiani unarudi moja bila kujilaumu. Mtoto wa chekechea angeweza, nikajiambia. Nikakaa. Moja. Mbili. Tatu, na kile kitenge cha maua ya njano mbona kimebaki peke yake, nani amechukua wenzake, yule binti wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, aliyekuja na mwenzake, mmoja alikuwa ananisemesha huku mwingine akifanya nini? Moja. Mbili, mama anatembea, nasikia hatua, amevaa ndala au hajavaa, mbona sisikii mlio wa ndala? Nikafumbua macho nikapiga kelele kuelekea jikoni: "Vaa ndala!" Hapo sikuwa nimemaliza hata kukaa vizuri.

Kwenye kundi, wenzangu walikuwa wanapaa. Mmoja aliandika kwamba ameona mwanga wa zambarau. Mwingine alitulia mpaka machozi yakamtoka. Niliwachukia wote. Nami niliandika kwamba nimeona usingizi, na mwalimu akanijibu kwa sauti ile ile kwamba usingizi nao ni mwalimu. Nilitamani kumrushia simu.

Mama alinitazama siku kadhaa, kisha akauliza ninafanya nini pale sakafuni.

"Natuliza akili."

"Imefanya nini?"

"Haijafanya kitu, mama. Inakimbiakimbia. Naifundisha iwe tupu."

Mama yangu ameimba kwaya ya kanisa tangu ujana wake, na kwa maoni yake akili ni chombo cha kujazwa neno la Mungu. "Ikiwa tupu," alisema, "atakayeingia ni nani?"

Nilimwambia ni mazoezi tu, kama ya viungo. Akaitikia kwa kichwa kama anavyoitikia muuguzi akimwambia aache sukari.

Baadaye mwalimu akaleta somo jipya. Alisema shida yetu ni kwamba tunamjibu kila mtu. Simu ikilia tunajibu, mlango ukigongwa tunajibu, akili haipati nafasi ya kukaa mahali pamoja. Kwa hiyo wakati wa kikao, ukiitwa, usiitike. Kila sauti ni wingu, iache ipite. Somo hilo lilinipendeza kuliko yote, maana ni mara ya kwanza mtu mzima ananiruhusu nisimjibu mtu.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo kwa mtu wa kwetu halihitaji kuelezwa. Asubuhi kwetu haianzi mpaka watu wasalimiane, na salamu si neno moja. Naenda kwa mama, napiga goti, napiga makofi taratibu, naye anajibu, kisha tunaulizana: umelalaje, mguu umelalaje, watoto wanasemaje, shambani kuna habari gani. Inachukua muda. Nikiwa na haraka ya kwenda sokoni inaniudhi, sitaki kudanganya. Tangu nianze lile somo, kikao kilikuja kabla ya salamu. Mama akisubiri chumbani akaona siji, alijikongoja mpaka mlangoni pa sebule, akanikuta nimekaa chini, macho nimefumba. Akanisalimia yeye, mtu mzima, akaanza yeye. Nilimsikia vizuri kabisa. Nikamwacha apite kama wingu.

Nilipomaliza nilikwenda kumpigia goti na kumuuliza habari za mguu, nikijisifu moyoni. Na kusema kweli kufoka kulipungua. Nilipitisha siku nzima bila kumtolea neno la ukali, halafu na nyingine. Mama naye akawa mkimya. Aliacha kuosha masufuria. Aliacha kuomba sukari. Alikaa kitandani akitazama dirisha, nikimuuliza anajibu kwa kifupi. Nikadhani tumetulia wote. Nilimwandikia wifi yangu kumshukuru.

Kisha ikaja Jumamosi ya kikao kirefu. Mwalimu alitaka tukae muda mrefu kuliko siku zote, na tuandae mahali. Chumba kiwe wazi. Vitu vyote vya kuvuta macho vitolewe. Mwili uwe karibu na ardhi, uso uelekee ukuta mtupu. Sebule yangu ni ndogo na makochi yangu ni yale mapana yenye mikono ya mbao, kwa hiyo niliamka mapema nikaanza kuyaburuta kwenda barazani. Mama alitokea mlangoni na fimbo yake.

"Makochi yanakwenda wapi?"

"Nje, mama. Nahitaji nafasi."

Alisimama pale akiangalia nikitandika mkeka. Sikuwa na muda wa kumtazama. Baridi ya Juni ilikuwa imeshika, nikajifunika kitenge kuanzia kichwani, nikazima simu, nikakaa kuelekea ukuta. Baada ya muda kidogo nikasikia mlango wa jikoni ukifunguka na kufungwa. Nikauacha upite.

Mtu yeyote aliyekulia kwetu ameshaelewa nilichokifanya, na atashangaa mimi mwenyewe sikukielewaje. Msiba ukitokea, kabla ya jambo lolote watu hutoa viti sebuleni na kutandika mikeka. Mwenye msiba hukaa chini, amejifunika, hasemi na mtu. Makochi barazani asubuhi yana maana moja tu mtaani. Mimi nilikuwa na akili tupu, kama nilivyofundishwa.

Jirani yangu anayeuza maandazi alipita kurudisha chujio langu. Alipiga hodi. Sikuitika. Akapiga tena, akachungulia, nikamsikia akivuta pumzi, kisha hatua zake zikaondoka haraka. Wingu. Nikawa nimefika pumzi ya nne na nafsi yangu ikaanza kufurahi. Zikaja hatua nyingine, nyingi, za watu waliovua viatu. Nikasikia mkeka mwingine ukitandikwa nyuma yangu. Mtu alikuwa anavuta kamasi. Mkono ukanigusa bega, ukakaa, ukaondoka. Nilijiambia kwamba hapa ndipo wenzangu walipoonea mwanga wa zambarau, kwamba akili ikikaribia kutulia inaleta vitimbi vya mwisho, na mtu asitetereke. Sita. Saba. Wanawake wakaanza kuimba wimbo wa mazishi kwa sauti ya chini. Nane. Tisa.

Nilifika kumi. Naapa. Ndiyo mara pekee katika maisha yangu nimefika kumi.

Nilipofumbua macho na kugeuka, sebule ilikuwa imejaa wanawake wa mtaa mzima, wamekaa chini, wamejifunga khanga viunoni, wengine wana machozi. Kupitia dirishani niliona wanaume wamewasha moto na wanafunga turubai.

"Nani amekufa?" niliuliza.

Jirani wa maandazi akanikumbatia. "Pole, mwenzangu. Ni mshtuko huo. Lia tu, usijikaze."

"Nilie nini?"

"Lia, mwenzangu. Tangu tumeingia umekauka tu, siyo vizuri. Bibi alikuwa mtu wa watu."

Hapo utulivu wangu wote, ule wa majuma yale yote, ulitoka mara moja. Nilisimama nikafoka mpaka wanaume wakaacha turubai. Nikasema mama yangu yu hai, yuko chumbani, anawasikia, na wamekosa adabu kumwimbia mtu mzima wimbo wa mazishi angali anapumua. Nikamshika jirani mkono nikamburuta hadi chumbani ili amwone.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Mfuko wake haupo, fimbo haipo, gauni la kanisani halipo. Bandeji safi alizopewa na muuguzi zilikuwa zimepangwa juu ya mto. Jirani alirudi nyuma taratibu, akanitazama kwa namna nyingine kabisa, na nikaona kwamba sasa alikuwa anajiuliza mwili nimeupeleka wapi.

Aliyetuokoa ni mmoja wa wale wa turubai. Alisema alimwona bibi asubuhi kule barabarani, akiuliza magari ya Vwawa, na akampandisha yeye mwenyewe. Nikamuuliza kwa nini basi anafunga turubai la msiba wake. Akasema yeye aliambiwa kuna msiba, hakuambiwa wa nani.

Sikungoja. Niliwaacha na moto wao na makochi yangu, nikachomeka zile bandeji kwenye mkoba, nikaenda kutafuta gari. Simu ya mama ilikuwa imezimwa. Nilikuwa na hakika kwamba nimemfokea bila kujua, labda jana, labda usingizini. Nikawa napanga namna ya kuomba msamaha: kwa sukari, kwa masufuria, kwa ndala, kwa kila kitu nilichowahi kumpigia kelele tangu alipofika kwangu. Kutoka Vwawa nilichukua pikipiki, na vumbi la kule lilikuwa limekaa hewani tangu msimu wa kahawa uanze.

Nilimkuta uani kwake, kwenye kistuli, mbele ya kichanja cha kahawa, anageuza punje kwa mkono. Bandeji ilikuwa ya kahawia. Nilipiga goti, nikapiga makofi, nikasalimia. Hakuitikia. Aliendelea kugeuza kahawa.

"Mama, nisamehe kwa kukufokea."

Hilo lilimfanya ainue uso. "Kufoka? Wewe umefoka kabla hujaota meno. Kama ningekuwa naondoka kwa sababu ya kufoka, ningekuacha kule kule nilikokuzalia."

"Ulisema nikifoka utarudi kwako."

"Nilisema ili upunguze. Sikusema unyamaze kabisa." Akachukua punje mbovu akaitupa. "Asubuhi nakusalimia, hujibu. Umekaa chini, umefumba macho. Nikasema labda ni sala. Kesho yake hivyo hivyo. Nikinyamaza na wewe unanyamaza, hata sukari huniulizi. Leo naona makochi yanatoka, mkeka unatandikwa, umejifunika kichwa." Mkono wake ukasimama juu ya kahawa. "Mimi nimekaa misiba mingi, mwanangu. Namjua mtu aliyefiwa anavyokaa. Nikajiuliza, humu ndani tupo wawili, anayeliliwa ni nani?"

Nikaanza kuokota punje mbovu pamoja naye.

"Nikaona umenichoka na unaona aibu kuniambia. Nikasema nisikucheleweshe, nije nifie kwangu."

Nilitafuta wa kumkasirikia. Mwalimu na mawimbi yake, wifi yangu na kundi lake, yule jirani na khanga yake kiunoni. Hakuna aliyenitosha. Mwanamke niliyekuwa nahangaika kumbakiza ndani ya nyumba nilikuwa nimemtoa mwenyewe, kwa bidii, kila asubuhi, na nikajipongeza. Nililia pale chini mbele ya kahawa, nikalia kwa sauti. Jirani wa maandazi angefurahi.

Nikiwa nimeinama hivyo ndipo harufu ya mguu ikanifikia. Nikaufunua. Udongo ulikuwa umeingia ndani ya kidonda, umegandana na usaha. Na mimi, ambaye nilikuwa nimepanga maneno laini kuanzia Tunduma, nilifoka. Nilimwambia ni mama wa namna gani anayeacha bandeji safi juu ya mto akatembea mpaka barabarani na mguu umeoza. Nilimwambia kahawa haina haraka ya kukauka kuliko yeye. Nilimwambia kama ana hamu ya kufa atafute mtoto mwingine wa kumfia, mimi sina nafasi, nina vitenge vya kuuza. Nilisema hata habari za sukari. Kuku walikimbia. Jirani zake wakatoka kuangalia.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. Uso wake, uliokuwa umekaa kama ukuta tangu nifike, ulikuwa umelegea. Akafuta vumbi la kahawa mikononi, akaninyooshea mikono yote miwili nimwinue.

"Endelea," alisema. "Nikikusikia unafoka najua bado nipo."

Asikanyage udongo, muuguzi alisema. Basi nilimgeuzia mgongo, nikamfunga na kitenge kama anavyofungwa mtoto, nikambeba kwenda barabarani kulikokuwa na pikipiki, nikimfokea njia nzima huku machozi yananitoka, naye akiitikia kila neno karibu na sikio langu.